Nzi wa Bi Mize

Kilo thelathini na saba, pamoja na kanga mbili
na hirizi aliyokataa kuivua.
Daktari wa Chake anaandika, anafuta, anaandika tena.
"Umri?"
"Nilizaliwa mwaka mikarafuu ilipozaa hata matawi yakakatika.
Tafuta wewe ni mwaka gani, uliyesoma."

Kidonda kiko panjani, upande wa kushoto.
Kilianza kama punje ya mtama.
Tukakipaka asali, tukakipaka manjano,
tukakisomea, tukakifunika kwa ushungi,
nacho kikala taratibu, kama mchwa ndani ya mlango:
watu wanabisha hodi, wanaingia, wanatoka,
wala hapana asikiaye.

Ngozi yake ilikuja duniani bila rangi.
Miaka hamsini alianika karafuu za watu hapa Konde,
akizigeuza kwa miguu, saa sita, saa saba,
na jua lilipokwisha karafuu likamwanika yeye.
Hakuna aliyempa kofia.
Hata mimi. Mimi nilikuwa nikicheza kivulini mwake,
nikikiona kikubwa.

Ami Faki akasema, mbele yake, kama hayupo:
"Miaka tisini! Mwacheni mzee apumzike.
Kisu hakiwezi, sindano ya usingizi hatoamka.
Na hiyo mionzi, kwani itampa miaka mingapi?"
Mtu akadakia, "Dawa ya moto ni moto,"
na Bi Mize, aliyedhaniwa kalala:
"Aliyesema hilo hajaunguliwa nyumba."

Kisha akatuambia anachokitaka. Si miaka.
Nzi.
Nzi waondoke.
Kitukuu chake Ilham akimkimbilia
husimama hatua tatu kabla hajafika,
akaziba pua kwa ncha ya gauni, kwa adabu, kama anajifuta.
"Hizo hatua tatu," alisema, "ndizo maradhi yangu.
Hizo ndizo mnipimie."

Tukavuka.
Mara tano tu, kila Jumanne mara moja;
wazee hawachoshwi kila siku, walituambia,
maana kwa mifupa hii njia ni chungu kuliko dawa.
Kijana Mbarouk akamchora duara kwa wino
akiomba radhi kabla ya kila mstari.
"Sasa nakufunika jicho kwa risasi."
"Risasi!"
"Madini, bibi. Si ya bunduki."
"Haya. Ungeanza na hilo."
"Na usitikisike."
"Mikono inajitikisa yenyewe, mwanangu, haniulizi mtu.
Kichwa nitakushikia."

Mlango mzito ukajifunga.
Sisi nje, tukimtazama kwenye kioo,
mdogo, kama nguo iliyosahauliwa kitandani.
Dakika mbili. Nilihesabu, nikakosea, nikaanza upya.

"Wameshawasha?"
"Wameshamaliza, bibi."
Akakaa kimya mpaka getini.
"Jua gani hili," akasema, "halina joto, halina hata kivuli."

Siitii sukari habari hii.
Wiki ya nne panja liliwaka, likamenyuka,
akala uji vijiko viwili, cha tatu akanirudishia.
Usiku nililala chini ya kitanda chake
nikisikiliza pumzi, nikijiuliza
ni nani kati yetu aliyemleta huku, yeye au mimi.
Ami Faki alipiga simu. Sikuipokea.

Sasa tumerudi.
Kidonda kimekauka, si chote;
karibu na sikio kimebaki kidogo, chekundu, kinatungoja.
Daktari hakuahidi zaidi ya hapo, nasi hatukumbana.
Bi Mize hatembei tena hadi kisimani.
Ameagiza kofia, pana, ya ukili.
Ninyi cheka, yeye anaivaa hata ndani.

Jana alasiri nilimkuta barazani,
Ilham kamlalia begani, upande ule ule,
mdomo wazi, mate yanamchuruzika kwenye kanga.
Nzi mmoja akaja, akazunguka,
akatua kwenye ukingo wa kikombe cha chai.
Nikanyanyua mkono kumfukuza.
"Mwache," akaninong'oneza, asimwamshe mtoto.
"Huyu kafuata sukari."